Mbege Iliyomngoja Mtu wa Mwisho

Mimi sijawahi kuuona mgodi wa makaa ya mawe, lakini nimelelewa nao. Nilikulia kwenye kambi ya shamba la miwa kusini ya mji wa Moshi, mahali ambapo ukichimba unapata udongo mweusi, maji na nyoka, wala hupati makaa hata ya kuchomea hindi. Mgodi wenyewe ulikuwa mbali sana, nchi ya makaburu. Hata hivyo ulikuwamo nyumbani mwetu kila siku, kuliko hata Mlima Kilimanjaro, ambao tuliukuta mlangoni kila asubuhi na wala hatukuutazama.

Baba na wenzake walikuwa watu wa Rungwe. Ujanani walikwenda kusini kuchimba makaa, kama walivyokwenda kaka zao, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mshahara, blanketi na baiskeli. Uhuru ulipopatikana serikali ikasema basi, kijana wa Tanganyika haendi tena kuwachimbia makaburu. Wakarudi. Walipofika kwao wakakuta mashamba yameshagawanywa kwa wadogo zao, na mtu aliyezoea kuamshwa na king'ora hawezi kukaa kibarazani akingoja migomba izae. Wakasikia kwamba Moshi kuna shamba la miwa lenye kiwanda, nyumba za wafanyakazi, zahanati na shule. Wakapanda basi pamoja, zamu nzima, na wake zao na masanduku yao ya bati. Uongozi wa shamba ukawapa safu moja ya nyumba, na watu wengine wa kambini wakaiita Safu ya Makaa. Mimi nilikuja mgongoni mwa mama.

Siku hizi mtu akitaja urithi anamaanisha ngoma na mikuki ya kuwaonyesha watalii. Sisi wa Safu ya Makaa urithi wetu ulikuwa kikohozi, makovu na adabu ya chakula, na sioni haya kusema kwamba ulitutosha. Makovu yao yalikuwa ya buluu. Vumbi la makaa likiingia kwenye jeraha halitoki. Ngozi inajifunga juu yake. Baba alikuwa na mistari ya buluu kwenye vifundo vya vidole na mmoja juu ya nyusi, kana kwamba mtoto alimchora kwa kalamu akiwa amelala. Kofia yake ngumu ya mgodini ilitagiwa na kuku. Buti zake zilipokwisha, mama alikata shingo zake akatengeneza bawaba za mlango wa banda, na banda lile lilidumu kuliko kanisa.

Kupiga mluzi ndani ya nyumba kulikatazwa kabisa. Ukimjibu mama vibaya alikuwa anaweza kukusamehe kabla ya chakula cha jioni, lakini mluzi ulikuwa na fimbo yake maalumu, kwa sababu mgodini mluzi unaita mwamba. Ndivyo walivyoamini, na mimi mpaka leo sipigi mluzi, ingawa nimesoma na ninajua kwamba dari la gypsum haliitiki. Halafu wote walikuwa wanainama wakipita mlangoni. Mlango wa kanisa letu la kambini tembo angepita bila kujikwaruza, lakini Jumapili ungewaona wazee wale wanaingia mmoja mmoja, vichwa chini. Mchungaji mpya alidhani ni unyenyekevu mbele za Mungu, akawasifia kwenye mahubiri. Hawakumsahihisha. Nani anakataa sifa ya bure?

Lakini lililowashika kuliko yote lilikuwa hili: kwenye shughuli yoyote, iwe harusi, msiba au Krismasi, hakuna mwanamume wa zamu ile aliyetia kitu mdomoni mpaka wa mwisho wao afike. Nyama ipoe, ugali ugande, watoto walie, wao wamekaa. Na jambo hili lilikuwa na pacha wake: anayengojwa hatajwi. Mtu aliye bado chini mgodini haitwi jina, wala haulizwi yuko wapi, mpaka atokee kwenye mwanga. Ukimtaja umemzika. Kwa hiyo ukifika kwenye shughuli ya Safu ya Makaa usiyejua mambo, ungekuta wanaume wazima wamekizunguka chakula, hawali na hawasemi kwa nini.

Mama ndiye aliyenisimulia chanzo chake, tukiwa tunachambua maharage, kwa sababu baba asingelisema hata kwa dawa. Siku moja kule mgodini zamu ilipanda, watu wakapewa ugali na maharage yao pale juu, wakaanza kula. Wawili walikuwa bado chini. Paa la mgodi likaanguka. King'ora kilipolia, waliokuwa juu walikuwa na matonge mdomoni. Mmoja wa wale wawili alitolewa akiwa amekufa. Wa pili alitolewa kesho yake akiwa hai, amejaa vumbi hata macho hayaonekani, na neno lake la kwanza lilikuwa swali: "Mmeshakula?"

Mama alisema hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa na njaa, alitaka kujua kama kuna kilichobaki. Lakini wenzake walilisikia vingine, wakalibeba swali lile mpaka Moshi.

Mtu huyo ndiye niliyemwita Baba Mdogo. Hatukuwa ndugu wa damu. Hakuoa, aliishi nyumba ya mwisho ya safu yetu na alikula kwetu. Kiwandani walimpa kazi ya boila, kusukumia makapi ya miwa kwenye moto, na kila jioni alirudi mweusi kwa masizi, meno tu yakionekana. Kifua chake kilikuwa na mlio wa mlango unaohitaji mafuta. Yeye ndiye aliyenifundisha baiskeli, akinikimbilia kwa nyuma huku akikohoa, na siku nilipoweza kwenda peke yangu alikaa chini barabarani akacheka mpaka akaishiwa pumzi. Nilimpenda sana, na sikuwahi kumwambia, maana kwetu vitu hivyo havisemwi.

Sasa nije kwenye ndoa yangu, ambayo nusura iishie kwenye kibuyu.

Ilikuwa miaka ile ya dhiki, vita vya Uganda vimekwisha na madukani hakuna kitu. Tulikuwa tunaishi katikati ya miwa, harufu ya sukari imeingia mpaka kwenye shuka, na sukari yenyewe tunaipangia foleni duka la kaya. Sabuni ndiyo usiseme. Kipande cha sabuni ya mche kilikatwa kwa uzi na kugawanywa kama dawa. Katika dhiki hiyo nikampata mwalimu wa shule ya kambi, kijana wa Machame, mpole, mwenye baiskeli na sauti nzuri ya kwaya. Nilimtaka. Nasema hivyo bila kuzunguka kwa sababu wanawake wa rika langu wanapenda kusimulia kwamba waliombwa na kuombwa na kuombwa mpaka wakachoka kukataa. Mimi sikukataa hata mara moja.

Kwao walikuwa na kihamba. Asiyejua kihamba ajue hivi: ni shamba la ukoo, migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe zizini nyuma ya nyumba, na makaburi ya mababu mumo humo kati ya migomba. Mchaga wa mlimani akikuuliza kihamba chenu kiko wapi, hakuulizi habari za kilimo. Anauliza wewe ni nani. Na sisi wa kambi nyumba zilikuwa za kampuni, bustani za kampuni, na wafu wetu tuliwazika kando ya mfereji kwa ruhusa ya meneja.

Mshenga wao alipokuja mara ya kwanza kuniposa, alikunywa chai kwetu, akazoea haraka, ulimi ukalegea. Alikuwa mzee mcheshi mwenye sweta hata kwenye joto letu la tambarare. Akacheka akasema, kule juu wanatania kwamba mwalimu amekosa wasichana mlimani, anakwenda kuoa kwa watu wa masizi, wasio na hata mahali pa kuzikwa. Akasema ni utani tu. Baba alitabasamu kwa adabu. Baba Mdogo alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake, ametoka zamu hajaoga. Alikiangalia kikombe, akakiweka, akaaga. Mimi nilikasirika kwa ajili yangu mwenyewe, sikufikiria kwamba mwingine amechomwa.

Siku ya posa yenyewe ilikuwa Jumamosi. Walishuka mchana kwa lori la jirani yao, baba mkwe mtarajiwa, mshenga, na wazee wengine wa ukoo, na mapipa ya mbege. Mbege ya Machame si pombe ya kuchezea. Ndizi zinapikwa, zinakaa, zinachanganywa na kimea cha ulezi, na mpikaji mzuri anaipimia siku ili iive saa ile ile itakayonywewa. Mbege ya posa ni maneno. Upande wa mume wanaileta, mzee wao anaionja mbele ya wote kuonyesha kwamba ni salama, anampa baba wa msichana. Baba akinywa, mmekubaliana. Baba asipokunywa, hakuna haja ya kuongea zaidi.

Mimi nilikuwa ndani nimefunikwa khanga mpya, kama inavyotakiwa, nikichungulia dirishani. Nje, viti vya zamu ya baba vilikuwa vimepangwa. Kila mzee wa Safu ya Makaa alikuwa na kigoda chake, na mama alikuwa amekwenda asubuhi kukichukua kigoda cha Baba Mdogo mlangoni kwake, kwa kuwa alikuwa zamu ya asubuhi na angetoka mchana. King'ora cha mchana kilikuwa kimelia zamani. Kigoda kilikuwa kitupu.

Mshenga akakiona kigoda kitupu, akakikalia.

Wazee wote wa zamu walimgeukia kwa pamoja. Baba akasema taratibu, "Mzee, samahani. Hapo usikae."

"Kuna mtu?"

Baba angesema nini? Akisema yupo anakuja, tayari amemtaja aliye chini. Akamletea mshenga kiti cha sebuleni chenye mto, kiti kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo, na mshenga akahamia pale kwa uso wa mtu aliyefukuzwa.

Kisha baba mkwe akasimama. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye koti la kanisani. Akasema maneno yao ya heshima, akachota mbege kwa kata ya kibuyu, akaonja, akampa baba kwa mikono miwili. Baba akaipokea kwa mikono miwili. Akasema asante. Akaiweka chini, kati ya miguu yake.

Nilisikia wazee wa Machame wakivuta pumzi. Kuiweka chini! Hata mlevi hafanyi hivyo.

"Mzee mwenzangu," baba mkwe akasema, "mbege yetu ina kasoro?"

"Haina kasoro."

"Nimeionja mbele yenu."

"Tumeona. Mungu awabariki."

"Basi?"

"Basi tungoje kidogo."

"Tunangoja nini?"

Baba akatazama miwa. "Kidogo tu," akasema.

Wakangoja. Povu la mbege likapanda kwenye kata, likashuka. Nzi wakaja. Mshenga akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kule kwao mtu asiyetaka kumtoa binti yake anasema mapema, hawaiti watu kutoka mlimani kwa dizeli ya kukopa. Mzee mwingine akakumbusha kwamba lori halina taa na ng'ombe hawajui kusubiri kukamuliwa. Baba alikuwa ameketi wima, mikono magotini, jasho linamtoka. Nilijua anaumia. Alinipenda, alimpenda mwalimu, na alikuwa anaiona ndoa yangu ikichacha mbele yake ndani ya kibuyu, na hakuweza kuinyanyua.

Nikamwambia mama, "Toka ukawaambie."

"Niwaambie nini? Nimtaje?"

"Mama, yuko kiwandani. Si mgodini."

"Na kiwandani ni wapi? Mbinguni?"

Mama naye! Nilitamani kulia na kumpiga mtu, sikujua nianze na lipi. Hapo ndipo kijana mmoja wa kiwandani akapita njiani akitoka zamu, na mama jirani akamnong'oneza kitu, akanong'onezwa, naye akaja dirishani kwetu kutuambia. Baba Mdogo hakuwa amechelewa. Alikuwa ameomba kushika zamu ya mwenzake ya mchana. Aliiomba mwenyewe. Hakuwa na nia ya kuja.

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, kikombe chake na sweta la mshenga na ule utani. Alikuwa amejiondoa ili asinitie aibu. Alidhani wakimkosa watakunywa tu. Mtu aliyekuwa chanzo cha sheria ile alikuwa ndiye pekee asiyeamini kwamba inamhusu.

Nikatoka nje.

Mwali hatoki. Mwali akitoka siku ya posa kabla hajaitwa, wanawake huanza kuhesabu miezi ya tumbo lake. Nilitoka na khanga yangu mpya mbele ya wazee wote, nikapiga goti kwa baba mkwe.

"Shikamoo baba."

Alisita. "Marahaba."

"Baba, naomba msiondoke. Kuna mtu ninakwenda kumleta."

"Mtu gani?"

"Siwezi kumtaja, baba."

Mshenga akasimama. "Hapa kila mtu hawezi. Baba hawezi kunywa, binti hawezi kusema. Mimi nakaa kwenye lori." Na kweli akaenda kukaa kwenye lori, mbele, karibu na dereva, akafunga mlango.

Baba mkwe alinitazama. Hakuwa na uso wa huruma, sitamsingizia. Ulikuwa uso wa mtu anayemwangalia ndama mnadani. Kisha akasema, "Lori halina taa. Jua likigusa miwa, tunaondoka."

Mwalimu wangu, maskini, alikuwa amesimama kando ya ukuta hajui aangalie wapi. Nikachukua baiskeli yake bila kuomba. Nilijifunga khanga kiunoni, nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia mwanamke mmoja akimwita Yesu.

Kiwandani mlinzi alinijua. Nilimkuta Baba Mdogo kwenye boila, na koleo lake, mweusi tii. Aliponiona alitupa koleo akidhani kuna msiba.

"Nani amekufa?"

"Ndoa yangu. Inakufa sasa hivi. Twende."

Akaelewa. Akaliokota koleo. "Rudi nyumbani, mwanangu. Wewe unatakiwa uwe ndani umefunikwa."

"Baba hajanywa."

"Mwambie anywe."

"Unamjua baba. Atakaa pale mpaka Jumatano."

"Mwambie mimi nimesema anywe."

"Kamwambie mwenyewe."

Akasukuma makapi kwenye moto, mgongo kwangu. Akasema bila kugeuka, "Ulimsikia yule mzee. Watu wa masizi. Mimi nikitokea pale hivi, watapata ushahidi. Nikasema, siku moja hii tu, wawaone waliooga." Akakohoa. "Sabuni yenyewe sina tangu mwezi uliopita."

Nilikasirika, na sauti yangu ikatoka kali kuliko inavyoruhusiwa mtoto kwa mkubwa wake. "Kwa hiyo unataka niolewe na watu wanaotaka usiwepo? Nikaishi nao miaka yote, nizae nao, na wewe niwe nakuficha kama bangi? Kama mbege yao hainyweki mbele yako, hata mimi siitaki. Sema sasa. Nikamwambie mwalimu aende zake?"

Mwenzake wa boila, kijana wa Singida, akamwondolea koleo mkononi. "Nenda, mzee," akasema. "Huyu atatupigia kelele mpaka boila ipasuke."

Alitaka kuoga. Nikamwambia jua halitamsubiri aoge kwa maji matupu, maana masizi bila sabuni yanasambaa tu. Akapanda nyuma ya baiskeli. Zamani yeye ndiye aliyenikimbilia, sasa kifua chake kisingeweza hata kukanyaga pedali mpaka getini, kwa hiyo mimi ndiye niliyekanyaga. Barabara ya shamba ilikuwa na makorongo ya trekta. Alinishika kiunoni, mikono miwili, akiomba radhi kwa ajili ya khanga yangu kila tulipoingia shimoni. Miwa ilikuwa mirefu pande zote na jua lilikuwa limeshashuka, na nilikanyaga nikiwa na hofu kuu, kwa sababu maneno niliyoyasema pale boila niliyasema kwa hasira, na sasa nilikuwa naomba Mungu asiyashike. Nilimtaka yule mwalimu. Nilimtaka vibaya sana.

Lori lilikuwa bado lipo. Injini ilikuwa inaunguruma, na mshenga alikuwa dirishani akipiga mlango kwa kiganja. Wazee wawili walikuwa wameshapanda nyuma. Lakini baba mkwe alikuwa bado kwenye kiti chake, mkabala na baba, kata ya mbege imekaa kati yao.

Baba Mdogo alishuka. Hakuwasogelea. Alisimama pembeni ya uwanja, mahali mbwa wanaposimama, akiwa na ovaroli lake na masizi yake, mikono ameificha nyuma.

Baba akainuka. Wazee wa zamu wakainuka pamoja naye. Nimekaa nao maisha yangu yote na sikuwahi kusikia walichokisema pale, kwa sababu nadhani hawakuwahi kukisema tangu mgodini.

Baba akauliza, "Nani yuko chini?"

Baba Mdogo akajaribu kujibu, kifua kikamzuia, akasubiri, akajibu. "Hakuna."

Wazee wakakaa. Baba akainama kuichukua kata. Mbege ikamwagika kidogo kwenye kiatu chake. Lakini kabla hajaifikisha mdomoni, baba mkwe akanyoosha mkono akamzuia.

"Ndiye huyu tuliyekuwa tunamngoja?"

"Ndiye."

Baba mkwe akamgeukia Baba Mdogo. "Ulikuwa wapi?"

Mtu mwingine angesema kazini. Lingekuwa jibu la kweli, na lingetuokoa sote. Baba Mdogo hakujua kusema nusu ya kitu. "Nilijificha, mzee. Nilisikia kwenu tunaitwa watu wa masizi. Nikaona nisiharibu."

Injini ya lori ilikuwa imezimwa, sijui saa ngapi. Nilimwangalia mshenga kule dirishani, akaangalia pembeni. Nilidhani baba mkwe atakana, au atasema ni utani, kama watu wanavyosema. Niliona taya lake likisogea. Aliichukua kata mkononi mwa baba, akatembea nayo mpaka pembeni ya uwanja, polepole ili isimwagike, akampa Baba Mdogo kwa mikono miwili.

"Neno hilo nililisema mimi," akasema. "Si mshenga. Ni mimi, nyumbani kwangu, mbele ya wanangu. Kunywa."

Baba Mdogo akaitoa mikono aliyokuwa ameificha. Akaishika kata, akanywa, vidole vyake vikaacha alama nyeusi pande zote za kibuyu na midomo yake ikaacha alama ukingoni. Akaanza kutafuta pindo la ovaroli apafute alipogusa. Baba mkwe akaichukua kata kabla hajapafuta. Akaigeuza, akaitafuta ile alama nyeusi ya ukingoni, akaweka midomo yake pale pale, akanywa. Kisha akampelekea baba.

Baba akanywa yote.

Mshenga ikabidi ashuke kwenye lori, maana hakuna aliyekuwa anamtazama tena. Wakalala kwetu usiku ule, kwa kuwa lori halikuwa na taa, na ng'ombe wa Machame wakakamuliwa na majirani. Asubuhi baba mkwe aliingia ndani kunywa uji, mdomoni bado ana doa la masizi, hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi ndiye niliyemwekea maji ya kunawa. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ili mama asisikie, yule mzee wa jana anapenda kula nini, ili siku ya harusi apikiwe.

Nikamwambia, "Ugali na maharage, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akanawa mikono. Uso hakuunawa.